Eksirei: mashine bila mwenye ujuzi ni chuma tu

Jamani, sisi waandika programu hupenda kusifu mashine tukamsahau anayeiendesha. Hebu turudi nyuma kidogo.

Wilhelm Röntgen aligundua eksirei mwaka 1895. Vita vilipozuka Ulaya mwaka 1914, Marie Curie alipakia mitambo ya eksirei kwenye magari. Injini ya gari ilizungusha dinamo, umeme ukapatikana hata karibu na uwanja wa vita, na madaktari wakaona risasi ilikokwama.

Kumbe magari yalikuwa sehemu rahisi! Nani angeendesha mitambo? Kuanzia 1916 Curie alifundisha wanawake wapatao 150 huko Paris: umeme, viungo vya mwili, na upigaji picha wenyewe. Bintiye Irène, aliyetimiza miaka 17 mwaka ule wa 1914, alisaidia kufundisha.

Pengo likabaki kwenye kinga, iliyokuwa duni mno. Marie alifariki 1934, Irène 1956, wote kwa maradhi ya damu. Mionzi ndiyo iliyolaumiwa. Leo kujikinga na mionzi ni somo la lazima kwa kila anayesomea kazi hii.

Basi nasi tunapomfundisha mtu mtambo mpya, tumfundishe na hatari zake.