Bakuli Lililovuka Bahari

Mtu akizuru magofu ya Gedi, karibu na Malindi, huonyeshwa nyumba iitwayo Nyumba ya Bakuli la Kauri. Jina hilo lilitokana na bakuli la Kichina lililofukuliwa humo wakati wa uchimbaji ulioongozwa na Bwana James Kirkman, mtaalamu wa mambo ya kale aliyeanza kazi yake mahali hapo mwaka wa 1948. Wageni wengi hutazama kuta, hutikisa vichwa, kisha hupita. Ni wachache wajiulizao swali ambalo yeyote aliyepata kuangusha kikombe jikoni angelikuwa wa kwanza kuliuliza: Je, bakuli hilo lilifikaje hapa bila ya kuvunjika?

Swali hili si dogo. Vyombo vingi vya kauri nyeupe vyenye maua ya samawati vilifinyangwa katika mji wa Jingdezhen, ulio mbali na bahari. Vile vilivyopelekwa Guangzhou vilipakiwa kwanza katika mashua za mtoni, kisha wachukuzi wakavipandisha katika njia ya mlima wa Meiling, halafu vikashushwa tena mtoni hata bandarini. Baada ya hapo ilikuwa bahari: Malaka, Bara Hindi, Uarabuni au Ghuba ya Uajemi, na hatimaye pwani yetu kwa pepo za kaskazi. Ni kweli kwamba merikebu za amiri Zheng He zilifika pwani hii katika karne ya 15. Walakini safari hizo zilikuwa chache, na vyombo vya Kichina vilikwisha kuwasili hapa karne nyingi kabla yake. Sehemu kubwa ya vyombo hivyo ilipita mikononi mwa wafanyabiashara wengi, huyu akimpokeza yule. Kila mpokezano ulikuwa nafasi mpya ya kuvunjika.

Basi na tutazame jinsi watu wa kale walivyoishinda hatari hiyo. Habari zao tunazo, nyingine katika maandishi, na nyingine katika vyombo vilivyozama.

Mwaka wa 1119 Mchina mmoja jina lake Zhu Yu aliandika kitabu chenye habari za merikebu za Guangzhou. Asema kwamba shehena kubwa ilikuwa ni vyombo vya udongo, navyo vilipangwa vidogo ndani ya vikubwa, hata pasibaki nafasi tupu. Kila mfanyabiashara alipewa futi chache tu za kuweka mali yake, na usiku alilala juu yake. Hapa twapata fundisho la kwanza. Chombo hakivunjwi na bahari. Huvunjwa na jirani yake. Wimbi hutikisa merikebu yote pamoja, lakini bakuli lenye nafasi ya kucheza hugonga bakuli jingine. Palipo na nafasi ndipo penye hasara, na mtu alalaye juu ya mali yake hahimizwi kuilinda.

Ushahidi wa maneno hayo ulionekana mwaka wa 1998, wavuvi walipogundua mabaki ya jahazi la kale karibu na kisiwa cha Belitung, katika nchi ya Indonesia. Jahazi hilo lilizama katika karne ya 9, na bakuli moja lililokuwamo lilikuwa na tarehe ya Kichina iliyo sawa na mwaka wa 826. Shehena yake ilikuwa na vyombo vipatavyo 60,000, na vilivyo vingi ni mabakuli kutoka majoko ya Changsha. Mengi yalitiwa ndani ya balasi kubwa, yakapangwa kwa kuzungushwa mfano wa nyoka aliyejikunja, tabaka juu ya tabaka, hata balasi moja kuweza kubeba zaidi ya mabakuli mia. Balasi lilikuwa kasha lao na ngao yao. Baada ya miaka zaidi ya elfu moja chini ya maji, mabakuli mengi yalitolewa mazima, rangi zake zikiwa bado zaonekana.

Jahazi lenyewe lina mafunzo kwetu watu wa pwani. Halikuwa la Kichina, bali la namna ya Uarabuni. Mbao zake zilishonwa kwa kamba, wala hazikupigiliwa misumari. Msomaji aliyelelewa Lamu au Pate atakumbuka mara moja habari za mtepe, chombo cha mababu zetu kilichoshonwa kwa kamba za usumba na kusafiri kwa tanga la mkeka. Na si ufundi wa kushona tu utuunganishao na jahazi lile. Vigae vya Changsha vimefukuliwa hata Manda na Shanga, katika visiwa vya Lamu. Wapangaji wa balasi walipomaliza kazi yao huko China, walikuwa wamewafanyia kazi watu wa kwetu pia, ingawa hawakuwajua.

Fundisho la pili lapatikana kwa Shen Defu, mwandishi wa Kichina aliyeishi tangu mwaka wa 1578 hata 1642. Yeye aliwaona mjini Beijing wajumbe wa nchi za mbali, wakiwamo wa Uarabuni, wakipakia magari kwa safari ndefu ya nchi kavu. Magari makumi yalijaa kauri tupu. Akastaajabu, akauliza swali lile lile letu: vyombo vyepesi kuvunjika namna hii vitawezaje kusafiri mbali hivyo? Akaelezwa. Vyombo vikiisha kununuliwa, hutiwa ndani yake mchanga kidogo na udongo, pamoja na mbegu za kunde na ngano. Kisha hupangwa vingi pamoja, hufungwa, huwekwa mahali penye unyevu na kunyunyiziwa maji mara kwa mara. Baada ya siku kadha mbegu huota. Mizizi na machipukizi hujisokota baina ya chombo na chombo, hata fungu zima likawa kitu kimoja kigumu. Halafu hutupwa chini kwa makusudi! Lililovunjika huachwa, na lililosalimika ndilo lipandishwalo garini.

Mtu angeweza kucheka akidhani ni wazimu kuitupa chini mali aliyoinunua. Lakini afadhali hasara ionekane uani, mnunuzi akiwa karibu na muuzaji, kuliko kuonekana mwisho wa safari. Hata leo viwanda vinavyotengeneza maboksi ya kusafirishia vitu huyajaribu kwa kuyaangusha kabla ya kuyaamini. Jambo lionekanalo kuwa jipya lina miaka mia nne, na pengine zaidi.

Fundisho la tatu ni mahali pa kuweka shehena. Merikebu iliyopakia chai na hariri huwa nyepesi, nayo huweza kupinduliwa na upepo. Yahitaji farumi, yaani mzigo mzito chini kabisa ngamani. Lakini chini ndiko yatuamako maji machafu, na chai ikipata unyevu imekufa. Kauri ni nzito, wala maji hayaidhuru. Basi nahodha waliweka makasha ya kauri chini, na chai juu yake. Merikebu ya Kiholanzi iitwayo Geldermalsen ilitoka Guangzhou kwa mpango huo, ikagonga mwamba na kuzama mwezi wa Januari, 1752. Mabaharia wengi walikufa. Mwaka wa 1985 ilipopatikana, vyombo zaidi ya 100,000 vilitolewa, na chai iliyooza ilikuwa imevifunika kama godoro. Mwaka uliofuata viliuzwa kwa mnada mjini Amsterdam. Ni jambo la huzuni kufikiri kwamba vikombe vilifungwa vizuri hata vikaokoka, na watu waliovichukua hawakuokoka.

Tukirudi kwetu, twaona ni kwa nini wazee waliviheshimu sana vyombo hivi. Katika nyumba za mawe za Lamu vilipangwa katika zidaka za ukutani. Huko Mambrui vilijengewa katika nguzo ya kaburi. Mwaka wa 1955 mtaalamu Mwingereza, Mortimer Wheeler, alipozuru pwani ya Tanganyika, aliona vigae vingi mno hata akasema kwamba historia ya nchi hiyo iliyofukiwa ardhini tangu karne ya 10 imeandikwa kwa kauri ya Kichina.

Lakini maandishi hayo yaweza kufutwa, na hapa sina budi kuungama. Nilipokuwa mwanafunzi wa chuo cha ualimu tulipelekwa kutazama magofu fulani ya pwani. Nikaona kigae cha samawati kimechungulia mchangani baada ya mvua, nikakitia mfukoni. Miaka michache baadaye nilikitoa darasani kwa fahari. Mwanafunzi mmoja akainua mkono, akauliza, "Mwalimu, kilikuwa chumba gani? Kilikuwa juu ya sakafu au chini yake?" Sikuwa na la kujibu.

Swali lake lilikuwa kiini cha elimu yote ya wachimbaji. Kigae kikijulikana kilifinyangwa zama gani, nacho kikakutwa chini ya sakafu isiyovunjwa, twajua kwamba sakafu hiyo haikujengwa kabla ya zama hizo. Kikiwa mfukoni mwa mtu, hakina lolote la kusema. Nilikipeleka kwa wahifadhi. Mzee mmoja alikipokea kwa mikono miwili, akakigeuzageuza, akasema kwa upole, "Ahsante, Mwalimu. Umetuletea kigae, lakini habari yake umeiacha."

Tangu siku hiyo sikuweza kusoma juu ya wapangaji wa balasi na wapanda kunde bila ya kuona haya. Hao hawakuandikwa majina yao popote. Walikijua chombo kwa uzito wake mkononi, wakakifunga kwa ajili ya mtu wasiyemjua, ng'ambo ya bahari wasiyoiona. Mto, mlima, pepo na mawimbi havikuivunja amana yao. Mimi niliivunja kwa kuinama mara moja tu.

Sheria ya Kenya ya mwaka wa 2006 juu ya makumbusho na urithi wa taifa yakataza kuondoa vitu vya kale mahali pake bila ya ruhusa. Lakini sheria haiwezi kusimama kila penye gofu. Basi, msomaji, ukiona kigae kinang'aa mchangani, kitazame, kichore daftarini mwako, umwambie mhifadhi mahali kilipo, kisha ukiache. Safari yake ilikuwa ndefu, nawe ndiwe mchukuzi wake wa mwisho.