Kuzeekea pembeni ya reli ya zamani: Kalemie, Kabalo, Kongolo ao Kindu?



Mwaka jana baba alitukusanya watoto wote, akasema: "Nilifundisha shule ya msingi miaka 37. Sasa nimechoka na Lubumbashi. Nataka niende kuzeekea pembeni ya reli." Baba ni mtoto wa reli. Babu alikuwa fundi wa njia kule Kabalo, na baba alizaliwa katika nyumba ya matofali ya kampuni. Mpaka leo akisikia honi ya treni usiku, anaamka na kukaa kitandani. Mpango wake ulikuwa mfupi: auze nusu ya parseli, anunue nyumba ya bei ndogo katika mji mmoja wa ile reli ya zamani ya Maziwa Makubwa, alime kidogo, asikie treni.

Mama hakukatala. Aliuliza swali moja tu: "Siku treni haikuje, dawa yangu ya tansiyo itatokea wapi?"

Juu nilisoma kilimo, waliniomba niangalie udongo. Nilianza na udongo kweli, lakini nilimalizia kwenye historia. Ile miji haikuzaliwa kwa namna moja, na namna mji ulizaliwa njo inaonyesha mpaka leo nani atakula treni ikikosekana.

Kule Ulaya pia kuna wazee wenye ugonjwa kama wa baba. Katika Wales, reli ndogo ya Talyllyn ilikuwa karibu kufa. Tangu 1951 inaendeshwa na watu wa kujitolea, na ilikuwa ya kwanza duniani kuokolewa namna hiyo. Zingine nyingi zikafuata. Mstaafu anayehamia karibu na reli kama hiyo anafuata furaha yake: atapaka rangi mabehewa, atakata tikiti siku ya juma mosi. Chakula chake kinakuja dukani kwa lori, dawa yake iko kwenye famasi ya mtaa. Treni isipopita wiki moja, atasikitika tu. Kwetu reli ya zamani ingali njia ya chumvi, sabuni na dawa. Kwa hiyo huwezi kuchagua nyumba kwa kuangalia uzuri wa kituo.

Tuangalie basi namna reli hii ilijengwa.

Kampuni ya CFL ilianzishwa mwaka 1902, na mwenye nguvu nyuma yake alikuwa tajiri Mbelgiji, Édouard Empain. Wazo lilikuwa jepesi: mto ubebe mizigo pale unaweza, reli ibebe pale mto unakatala. Lualaba unakatala mara mbili. Kati ya Ubundu na Kisangani kuna maporomoko ya Boyoma, saba kwa hesabu. Na chini kidogo ya Kongolo mto unabanwa na mawe, maji yanakuwa makali, pahali ambapo wazungu walipaita Mlango wa Jehanamu.

Basi walijenga vipande vipande. Kisangani mpaka Ubundu kilimalizika 1906. Kindu mpaka Kongolo, kilometa 355, mwisho wa 1910. Kipande cha tatu kiliacha mto na kuelekea mashariki: Kabalo mpaka Kalemie, ambayo wakati ule waliiita Albertville, kilometa 273, mwaka 1915. Tusisahau pia nani alibeba yale mataruma. Serikali ya kikoloni iliruhusu watu wachukuliwe kwa lazima kwa kazi ya reli, na tangu 1917 sheria iliwalazimisha wakulima kulima pamba na mazao mengine. Babu zetu hawakupanda treni ile kwa kutalii.

Sasa fikirini gunia moja linalotoka Kindu kwenda ngambo, miaka ya 1920. Treni mpaka Kongolo, linashuka. Meli ya mtoni mpaka Kabalo, linashuka. Treni tena mpaka Kalemie, linashuka. Meli ya ziwani mpaka Kigoma, ambako reli ya Wajerumani kutoka Dar es Salaam ilifika 1914. Kila pahali pa kushusha palihitaji wapakizi, maghala, mafundi wa meli, mama wa kuuza chakula, mvuvi wa kumletea mama huyo samaki. Pale gunia linashuka, mji unaota.

Kiisha mambo yalibadilika. Mwaka 1939 daraja la Kongolo lilimalizika, Kongolo na Kabalo zikaungana kwa reli. Mwaka 1955 njia ilipanuliwa kutoka meta 1 mpaka meta 1.067, ili ilingane na ile ya Katanga. Mwaka 1956 kipande cha Kamina mpaka Kabalo kilifunguliwa, na kuanzia hapo behewa liliweza kutoka Lubumbashi mpaka ziwani bila kushusha hata gunia moja. Ni Kisangani–Ubundu tu iliyobaki na upana wa zamani, pekee yake kule. Mwaka 1974 makampuni yote yaliunganishwa kuwa SNCZ, ambayo leo ni SNCC.

Hapa njo nilikutana na jambo ambalo sikulitarajia. Nilifikiri kuunganisha reli kuliinua miji yote sawasawa. Kumbe kwa mji wa katikati ya njia, behewa linalopita bila kusimama ni kazi iliyopotea. Wapakizi wa Kongolo na Kabalo walikuwa wanaishi juu ya ule usumbufu wa kushusha na kupakia. Mji wa mwisho wa njia haukupoteza namna hiyo, juu pale reli inakutana na maji na gunia halina namna, lazima lishuke.

Vita ya 1998 mpaka 2003 ilikuja kutoa mtihani. Njia ilikatika. Kindu ilitegemea ndege, na wanaume wakisukuma baiskeli zenye mizigo porini. Kalemie iliteseka pia, lakini ziwa halikuvunjika. Mashua ziliendelea, ndagala waliendelea.

Basi nikaweka miji minne mbele ya baba na mama, na swali la mama nikaliweka juu ya kila mmoja.

Kabalo kwanza, juu njo kwa moyo wa baba. Udongo wa pembeni ya Lualaba ni mzuri, samaki wako, mihogo inakubali, mahindi pia. Tena kuna jambo la ajabu: treni ikichelewa, chakula kinashuka bei. Mkulima amerundika mahindi, hawezi kuyatoa, fukusi wanaanza kuyala, anauza kwa bei yoyote. Kwa mnunuzi mzee hiyo ni baraka. Lakini siku ileile chumvi inapanda, sabuni inapanda, na dawa inaisha. Kijana anatumia feza yake mingi kwa chakula. Mzee, kadiri miaka inaongezeka, anatumia mingi kwa dawa. Kwa hiyo mji unaoonekana wa bei rahisi kwa mtu wa miaka 30 unaweza kuwa wa bei kali kwa mtu wa miaka 70.

Kongolo inafanana na Kabalo, na ina zaidi mawese. Baba alifurahi, akaanza kuhesabu michikichi. Nilimukumbusha taratibu: ukiupanda mche leo, ni miaka mitatu ao minne mbele ya kuona mikungu ya kwanza, na kupanda juu kuikata ni kazi ya kijana. Mzee anunue shamba ambalo michikichi yake imekwisha kuzaa, ao apande mihogo yenye kuvumilia ugonjwa wa bato-bato, ambayo mwaka haupiti sana anachimba.

Kindu ni mwisho wa njia upande wa kaskazini, ni makao makuu ya Maniema, na ina uwanja wa ndege. Mchele uko. Ni zao ambalo wafanyabiashara Waswahili walileta Maniema katika karne ya 19, pamoja na hii lugha ninayoandika. Hospitali iko. Shida ni kwamba kutoka Lubumbashi ni mbali sana, na sisi watoto tungefika kwa mazishi tu. Samahani kusema hivyo, lakini njo hesabu ambayo familia inapaswa kufanya.

Inabaki Kalemie. Reli inaishia pale, ziwa linaanzia pale. Kuna bandari ya kuiunganisha na Kigoma, Moba na Uvira, kuna uwanja wa ndege, kuna hospitali kubwa. Treni ikikosekana, kuna mlango mwingine. Lakini tusidanganyane. Kiwanda cha nguo cha Filtisaf kilichokuwa kinalisha mji kilikufa, na vijana wengi hawana kazi. Tetemeko la ardhi la Desemba 2005 liliangusha nyumba. Na ziwa lenyewe: mwaka 2020 lilipanda na kuingia katika nyumba za watu, mwaka 2024 tena. Parseli za pembeni ya maji zinauzwa bei nzuri leo kwa sababu hiyo. Mtu akikuonyesha nyumba ya bei ndogo yenye kuangalia ziwa, muulize majirani maji yalifika dirisha la ngapi.

Jambo la mwisho ni kartasi, na hili linahusu miji yote ya reli. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 inasema udongo ni mali ya Serikali. Raia anapewa haki ya kuutumia, na kinachohakikisha haki hiyo ni cheti cha usajili. Kartasi ya chifu ao ya muuzaji haitoshi. Zile nyumba nzuri za matofali karibu na kituo, zenye veranda, ambazo zinamliza baba, nyingi zilijengwa na kampuni kwa wafanyakazi wake. Anayekaa ndani si lazima awe mwenye nyumba. Mbele ya kutoa hata franka moja, mtu aende kwenye ofisi ya udongo, aangalie jina gani limeandikwa.

Tulizungumza mpaka usiku. Mwishowe hatukuuza kitu. Tulikubaliana baba na mama wapange nyumba Kalemie mwaka mmoja, sehemu ya juu, mbali na maji, mpaka wapite majira ya mvua yote. Parseli ya Lubumbashi inabaki nzima. Wakiona inafaa, njo tutazungumza kununua. Kabalo baba ataenda kutembea, aone ile nyumba, kiisha arudi.

Baba alinyamaza siku mbili. Siku ya tatu aliniita, akaniuliza: "Kule juu mnapotaka kutuweka, treni inasikika?"

Nilimpigia simu rafiki mmoja tuliyesoma naye, anaishi kule. Akacheka. "Mwambie mzee inasikika vizuri sana. Siku ikifika."

Wanaondoka mwezi wa sita. Ninyi mlio Kongolo na Kindu, kama nimewakosea mji wenu, niandikieni hapa chini. Na ninyi mlio Kalemie, tuambieni kartye gani maji hayakufika.