Ulaji-oksijeni: Kipimo cha Mto Unaokosa Pumzi

Samadi ya majimaji ikitiririka kutoka bandani hadi kijitoni, samaki hufa, na watu husema wamekula sumu. Amonia iliyomo ni sumu kweli, lakini mara nyingi samaki hao hufa kwa kukosa hewa. Bakteria hushambulia kinyesi, maziwa na majani yaliyoingia majini, huzaliana upesi, na katika kuyaozesha humaliza oksijeni iliyoyeyuka mtoni. Kiasi wanachotumia ndicho wataalamu wanachokipima, na istilahi yake hutafsiriwa “mahitaji ya oksijeni ya kibiokemia”.

Tafsiri hiyo inafuata neno kwa neno, ila inampoteza msomaji. Mahitaji, kwa sikio la Mswahili, ni unga, sukari na sabuni, vitu ambavyo ni vyema vikipatikana. Tena haisemi mwenye haja ni nani: mto, samaki, au mwingine? Mimi nachagua “ulaji-oksijeni”. Kitenzi “kula” hudai mlaji, na mlaji hapa ni bakteria. Ulaji ukiwa mkubwa, samaki anabakiziwa kidogo.

Kipimo hiki kilipata nguvu Uingereza. Mwaka 1912, Tume ya Kifalme ya majitaka ilipendekeza kwamba maji yaliyosafishwa, kabla ya kuingizwa mtoni, ulaji-oksijeni wake usizidi miligramu 20 kwa lita katika siku 5. Hadi leo sampuli hukaa maabara siku hizo 5, kwenye nyuzijoto 20. Kanuni za Kenya za mwaka 2006 ziliruhusu miligramu 30.

Sasa linganisha na shamba la ng’ombe wa maziwa. Majitaka ghafi ya majumbani yana takriban miligramu 300 kwa lita. Samadi ya majimaji ina 10,000 hadi 20,000. Majimaji yanayochuruzika kwenye saileji, yaani malisho yaliyovundikwa, hufika 30,000 hadi 80,000. Maziwa yenyewe, tunayowanywesha watoto, yana takriban 140,000! Nayo maji ya mto yenye nyuzijoto 20 hubeba miligramu 9 tu za oksijeni kwa lita. Kwa hesabu hiyo, lita 1 ya maziwa inatosha kumaliza oksijeni ya lita 15,000 za maji. Weupe na usafi wa kitu haviusaidii mto. Bakteria hutazama chakula kilichomo.

Ndiyo maana sheria ya England inataka hodhi la samadi lijengwe angalau mita 10 kutoka kwenye mto au mtaro, na liweze kuhifadhi samadi ya miezi 4, ili mfugaji asilazimike kuimwaga wakati wa baridi ardhi ikiwa imelowa chepechepe na mimea haikui.

Mfugaji mwenzangu, maziwa yakiharibika usiyamwage mtaroni. Yachanganye na samadi shimoni, kisha uipeleke shambani siku ya jua, mbali na mto.