Gundi ya kola: mnunuzi wa jumla aangalie nini

Kola ya shati husimama kwa sababu ndani yake kuna kitambaa cha kukazia, chenye gundi kavu upande mmoja. Kiwandani hubandikwa kwa mashine ya joto, na kazi hiyo hutegemea mambo matatu: joto, mgandamizo na muda. Gundi nyingi hushika kati ya nyuzijoto 120 na 160 za Selsiasi, kwa sekunde 10 hadi 20.

Joto likizidi, gundi hupenya na kuacha madoa usoni mwa nguo. Hilo huonekana mapema. Joto likipungua ndipo penye hasara. Shati hupendeza mpaka lifuliwe, kisha kola hufanya malengelenge, na wakati huo mzigo umekwisha kuvuka mpaka na kulipiwa. Mnunuzi afue sampuli mara kadhaa kabla ya kumaliza malipo. Aulize pia aina ya gundi: poliethilini nzito hustahimili maji ya kufulia, poliamidi hufaa zaidi suti zinazosafishwa kwa dawa bila maji.

Wasafirishaji wa majora wajihadhari na unyevu, kwani kitambaa chenye maji hula joto la mashine na gundi haiyeyuki sawasawa.

Kwenye hati za forodha, kitambaa kilichofumwa na kupakwa gundi ya plastiki kwa kawaida huingia namba 5903, kisichofumwa, 5603. Kuandika "vitambaa" tu ni kujitafutia kuchelewa mpakani.