Gavana ya trekta, babu yake Kubernetes

Ukitaja neno "gavana" Kenya, wengi watadhani unaongea siasa za kaunti. Magavana hao 47 tunao tangu 2013. Kabla yao kulikuwa na spidi gavana ya matatu, ambayo Sheria za Michuki zililazimisha mwaka 2004 ili gari lisipite kilomita 80 kwa saa. Leo nataka tuongee kuhusu gavana ya tatu, kongwe kuliko hizo zote: ile iliyojificha kwenye injini ya trekta kuukuu. Historia yake inatuhusu sana sisi tunaoandika programu, na nitaeleza kwa nini.

Kwanza tutofautishe. Spidi gavana ya matatu kazi yake ni kukataza tu. Gavana ya trekta hushika mwendo. Fikiria trekta inalima: plau ikiingia kwenye udongo mgumu, injini inalemewa na mwendo unashuka. Ikifika kwenye udongo laini, mzigo unapungua ghafla na injini inataka kukimbia. Dereva hawezi kuongeza na kupunguza mafuta kila hatua. Tena mashine nyingi zinazofungwa kwenye shafti ya nyuma, ile PTO, zimeundwa kuzunguka mara 540 kwa dakika, si 400 wala 700.

Tuchukue mfano wa Ferguson TE20, trekta iliyotengenezwa Coventry, Uingereza, kuanzia 1946 hadi 1956, zaidi ya 500,000. (Huo ndio ukoo uliozaa Massey Ferguson, jina linalojulikana sana mashambani kwetu.) Ndani ya gavana kuna vizito vinavyozungushwa na injini. Injini ikienda kasi, vizito vinatanuka na kusukuma mkono unaofunga kabureta. Upande wa pili kuna springi inayovuta ili kabureta ifunguke. Mwendo hutulia pale nguvu hizo mbili zinapolingana.

Sasa sikiliza jambo tamu. Ule mkono wa mafuta ulio karibu na usukani hauendi moja kwa moja kwenye kabureta. Unavuta springi! Yaani dereva haiambii injini "kunywa mafuta kiasi hiki". Anaiambia "nataka mwendo huu", na gavana inatafuta kiasi cha mafuta yenyewe. Kama umewahi kuandika faili ya mipangilio inayosema "nataka nakala tatu za programu hii ziwe hewani", basi umewahi kuvuta springi hiyo.

Wazo hili lilitoka wapi? Vitabu vingi humtaja James Watt na mwaka 1788. Kweli, ndiye aliyelitia kwenye injini ya mvuke, lakini halikuwa lake. Wasagaji wa Uingereza walikuwa tayari wanatumia vizito vinavyozunguka kwenye vinu vya upepo, na Thomas Mead alipata hataza ya kifaa cha namna hiyo mwaka 1787. Mshirika wa Watt, Matthew Boulton, alikiona kifaa kama hicho kwenye kinu cha Albion, London, akamwandikia mwenzake. Watt hakukiombea hataza.

Gavana za kwanza zilifanya kazi vizuri kiasi. Ajabu ni kwamba kadiri mafundi walivyozidi kuwa hodari, ndivyo nyingine zilivyozidi kuharibika tabia. Vyuma vilichongwa laini zaidi na injini zikaenda kasi zaidi, halafu mwendo ukaanza kupanda na kushuka bila kutulia. Gavana inaona mwendo umezidi, inafunga mvuke kupita kiasi. Mwendo unaanguka, inafungua kupita kiasi. Na hivyo hivyo bila mwisho.

Mwaka 1868 James Clerk Maxwell, yule yule wa milinganyo ya sumakuumeme, alichapisha makala kuhusu gavana. Alionyesha kihesabu ni lini mtikisiko mdogo utafifia na ni lini utakua. Mwaka 1876 mhandisi Mrusi Ivan Vyshnegradsky, ambaye baadaye alikuwa waziri wa fedha wa nchi yake, alifikia jibu lililowashangaza wengi: gavana inahitaji msuguano fulani ndani yake, na inahitaji kuruhusu mwendo ushuke kidogo mzigo unapoongezeka. Ukitaka iwe nyepesi mno na isiyokubali tofauti hata ndogo, umeivuruga.

Hapa ndipo fundi wa trekta anapokutana na Maxwell. Injini ikipanda na kushuka yenyewe, wengi hukimbilia skrubu. Subiri kwanza. Zima injini, sogeza viungo vya gavana kwa mkono. Vinakwama? Bushi zimelika hadi fimbo inacheza? Msuguano aliousema Vyshnegradsky si wa kutu, maana kiungo kinachokwama kisha kuachia ghafla huleta balaa lile lile. Kinachotakiwa ni upinzani laini, kama wa kitu kinachotembea ndani ya mafuta mazito. Angalia pia kabureta, kwani injini inayokosa petroli ya kutosha huyumba vilevile.

Baada ya hapo, pima fimbo kati ya gavana na kabureta. Injini ikiwa imezimwa na mkono wa mafuta umefunguliwa mwisho, kabureta nayo iwe imefunguka kabisa. Isipofunguka utakosa nguvu. Kisha washa injini, iache ipate moto, pima mwendo wa juu bila mzigo na ulinganishe na kitabu cha trekta hiyo. Rekebisha kidogo kidogo.

Usiongeze mwendo kupita kitabu ati upate nguvu zaidi. Nguvu inayovuta pistoni na fimbo yake hukua kwa mraba wa mwendo: ongeza mwendo kwa asilimia 10, nguvu hiyo inaongezeka kwa asilimia 21. Fimbo ikikatika, hutoboa injini. Na kama trekta ni ya dizeli na skrubu ya mwendo wa juu imefungwa kwa waya na risasi, iachie fundi wa pampu.

Turudi kwetu. Neno gavana linatoka Kilatini, nacho kililichukua Kigiriki, lugha ambayo mshika usukani wa jahazi huitwa kybernetes. Mwaka 1948 Norbert Wiener alilitumia neno hilo kuipa jina sayansi yake ya udhibiti, akiikumbuka makala ya Maxwell. Mwaka 2014 Google ilitangaza programu ya kusimamia seva, ikaiita Kubernetes. Jina ni lile lile, na kazi ni ile ile.

Hata dawa ni ile ile! Sehemu ya Kubernetes inayoongeza na kupunguza nakala za programu, usipoibadilisha, haifanyi kitu tofauti na lengo ikiwa chini ya asilimia 10. Na kabla ya kupunguza nakala, huangalia nyuma sekunde 300. Mtu akiona dakika hizo tano ni hasara na kuziweka sufuri, mzigo ukiwa unabadilika-badilika nakala zitaanza kuzaliwa na kufa mfululizo, kama injini ya mvuke iliyochongwa laini mno. Uzito huo umewekwa makusudi. Vyshnegradsky angeutambua mara moja, na fundi wa trekta pia.

Haya basi, ukikutana na mfumo unaoyumba, iwe ni trekta au seva, usianze na skrubu. Anza na viungo.