Maji ya Mtungi na Sukari ya Sikukuu



Nimezoea kuwaandikia habari za majahazi, nasaba na nyumba za mawe. Leo naomba ruhusa niandike habari ya kitu kidogo zaidi: kile tunachomtilia mgeni ndani ya bilauri.

Mwaka juzi, siku ya pili ya Idi, kaka yangu mkubwa alikuja nyumbani kwangu, hapa Mayfair, Johannesburg, akitembea kwa mkongojo. Majuma sita kabla ya siku hiyo alikuwa amekatwa vidole viwili vya mguu kwa sababu ya maradhi ya kisukari. Tulimpokea kwa furaha, na kama tunavyompokea kila mgeni wa heshima, mkaza mwanangu akamletea bilauri ya soda baridi juu ya sinia. Kaka aliitazama kwa kitambo, kisha akasema kwa upole, "Mwanangu, niletee maji."

Jokofuni hamkuwa na maji. Mlikuwa na chupa nne za soda na dumu la sharbati nyekundu. Mkaza mwanangu aliona haya, nami niliona haya zaidi, kwa kuwa nyumba ni yangu na desturi ile ni mimi niliyoiweka.

Tangu siku hiyo nimejiuliza: desturi ya kumkirimu mtu kwa utamu tuliitoa wapi? Huwa tunasema ni mila ya wazee. Lakini nikikumbuka nilivyolelewa, naona kwamba kauli hiyo ni kweli nusu tu, na nusu iliyobaki ndiyo inayotudhuru.

Nililelewa na bibi yangu katika Mji wa Kale, Mombasa, miaka ya 1960. Ukumbini mwake palikuwa na mtungi wa udongo. Haukuhitaji umeme: maji kidogo hupenya katika udongo, yakafika nje, yakageuka mvuke, na mvuke ule ukaondoka na joto. Kabla ya kuujaza, bibi aliufukiza udi, maji yakashika harufu. Jamaa zetu walioko Oman wanaujua mtungi wa namna hiyo kwa jina la jahla. Mgeni alipobisha hodi, kitu cha kwanza alichopewa kilikuwa kata ya maji hayo.

Alasiri alipita muuza kahawa na dele lake la shaba juu ya makaa, akigonganisha vikombe ili ajulikane kuwa amefika. Kahawa ile ilikuwa chungu, ina tangawizi, haina sukari hata chembe. Kando yake watu walikula tende moja au kipande cha halua. Tazameni hekima yake: utamu ulikaa mkononi, haukuyeyushwa kikombeni. Mtu aliuona, akaupima, akatosheka.

Je, sharbati haikuwepo? Ilikuwepo. Jina lake lenyewe latokana na kitenzi cha Kiarabu chenye maana ya kunywa. Ilikuwa ya ndimu au ya ukwaju, nayo ilitoka siku ya harusi, siku ya maulidi na wakati wa kufuturu. Siku nyingine sukari ilifungiwa kabatini, na ufunguo ulifungwa katika pindo la leso ya bibi. Wazee wetu walipenda utamu kama sisi. Tofauti ni kwamba waliuwekea siku zake.

Kisha utamu ukawa rahisi, na urahisi huo una historia ambayo aghalabu hatuisimulii. Neno sukari tumelipata kwa Waarabu, nao walilipata kwa Waajemi, na asili yake ni Bara Hindi. Lakini miwa haijikati yenyewe. Katika karne ya 19 mashamba ya miwa yalienea katika bonde la mto Pangani, yakimilikiwa na Waarabu wa pwani na kulimwa na watumwa. Abushiri bin Salim al-Harthi, aliyeongoza vita dhidi ya Wajerumani mwaka 1888 na kunyongwa Pangani mwezi wa Desemba 1889, alikuwa mwenye shamba la miwa. Twamtaja kwa fahari, na ushujaa wake haukanushiki. Waliomkatia miwa hatuwataji.

Huku kusini mambo hayakuwa mepesi zaidi. Mwezi wa Novemba 1860 Wahindi wa kwanza wa mkataba walishuka Durban ili kufanya kazi katika mashamba ya miwa ya Natal. Mwaka 1873, mwaka ule ule ambao Sultani Barghash alikubali kulifunga soko la watumwa la Unguja, Waingereza walianza kuwashusha Durban watu waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa. Wengi wao walikuwa Wamakua wa kaskazini ya Msumbiji, lakini walikuja kujulikana kwa jina la Wazanzibari. Waliambiwa kwamba wako huru, kisha wakafungwa mikataba ya kazi, na baadhi yao wakapelekwa katika mashamba yale yale ya miwa. Wazao wao waliishi King's Rest, kwenye mlima wa Bluff, wakihifadhi Uislamu wao, hadi sheria za ubaguzi zilizogawa makazi kwa rangi zilipowahamishia Chatsworth katika miaka ya 1960.

Siandiki haya ili kuitia shubiri bilauri ya mtu. Naandika kwa sababu tunaposema "huu ni urithi wetu", yatupasa tujue tunachokirithi. Mikono ya wengine iliipunguzia sukari bei, viwanda vikaimiminia chupani, nasi tukaichukua ile heshima ya sikukuu tukaifanya ya Jumatatu hadi Jumapili.

Nilikuwa karani maisha yangu yote, basi niruhusuni nipige hesabu. Kopo moja la soda ya kola, la mililita 330, lina takriban gramu 35 za sukari, yaani vijiko vya chai vinane au tisa. Chupa ya lita mbili ina zaidi ya gramu 200, kiasi cha kikombe kizima cha kupimia. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba sukari ya namna hii isizidi asilimia 10 ya nguvu anayoipata mtu kutokana na chakula, na ni bora iwe chini ya asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 25 kwa siku. Kopo moja limeshavuka mpaka huo. Serikali ya Afrika Kusini nayo, tangu tarehe 1 Aprili 2018, hutoza ushuru kwa kila gramu ya sukari inayozidi gramu 4 katika mililita 100 za kinywaji. Juisi ya matunda matupu haitozwi, lakini msihadaike: juisi ya zabibu au ya tufaha hukaribia soda kwa sukari yake, na pengine huipita.

Tunywe nini, basi? Nitawaambia tulichokifanya nyumbani kwangu.

Kwanza, tulinunua mtungi. Sehemu ya maji ya Johannesburg hutoka katika milima ya Lesotho, kwa mradi ambao mkataba wake ulitiwa saini mwaka 1986. Maji yaliyosafiri hivyo hayastahili dharau. Twayatia majani ya mnanaa au vipande vya ndimu, na siku bomba linapokauka mtungi hutusitiri.

Pili, kahawa chungu na tende moja, kama zamani. Tatu, rooibos, zawadi ya nchi hii iliyotupokea: jani la kichaka kinachomea katika milima ya Cederberg, lisilo na kafeini, hata mtoto hulinywa. Likichemshwa pamoja na tangawizi na mdalasini, kisha likapozwa, hukata kiu cha mchana. Nne, ukwaju uliorowekwa, ukachujwa, ukazimuliwa kwa maji mengi na kutiwa chembe ya chumvi bila sukari. Wajukuu waliukunjia uso kwa juma moja. Tuliwapunguzia utamu kijiko baada ya kijiko, na ulimi ulijifunza, kwani ulimi nao ni mwanafunzi.

Nawahadharisha jambo moja: mwenye kutumia dawa za kisukari afuate kauli ya tabibu wake, kwa kuwa sukari yake ikishuka ghafla, kitu kitamu huwa ndicho dawa ya saa ile.

Lililokuwa gumu zaidi halikuwa ladha. Ilikuwa ni kuogopa kwamba mgeni atasema tumekuwa mabakhili. Shemeji mmoja alilisema hivyo hivyo, mbele ya watu. Nilimjibu kwamba bakhili ni yule anayempa mgeni kilicho rahisi kufungua, na mkarimu ni yule anayemkumbuka mgeni tangu usiku, akamrowekea ukwaju na kumfukizia mtungi.

Sharbati hatukuiharamisha. Idi iliyopita tuliitoa, ya ndimu, katika vile vibilauri vidogo vya bibi nilivyorithi, kimoja kwa kila mtu. Kaka hakuigusa. Alikaa karibu na mtungi, mkongojo ukiwa ukutani, na mkaza mwanangu akamletea maji kabla hajaomba. Aliyanywa polepole, akavuta pumzi ya udi, akasema, "Haya ni maji ya Mombasa."

Nyinyi mlioko Muscat, Dubai, London na Toronto, waulizeni wazee wenu waliobaki: siku isiyokuwa ya sikukuu, nyumbani kwenu mgeni alipewa nini? Yaandikeni majibu yao, kisha yatieni ndani ya bilauri.