Karatasi ya asiye na kazi: kutoka Gand hadi kwetu

Katika mkutano mmoja wa vijana wa parokia, kijana aliinua mkono akauliza swali ambalo sikulitazamia. Kaka yake mkubwa, aishiye Bruxelles, alikuwa ameachishwa kazi ya kusafisha ofisi, na bado kila mwezi alipokea malipo ya serikali. «Mwalimu,» akasema, «Ubelgiji humlipa mtu kwa kukaa bure? Na kama ni haki yake, mbona baba yetu alipoachishwa hapa, mwezi wa pili, hakupata kitu?» Siku ile nilimjibu kwa haraka, nami nilijibu vibaya. Swali lake lina historia, na pasipo historia hiyo halijibiki.

Twende kwanza Gand, mji wa Ubelgiji wa viwanda vya pamba na kitani. Mwishoni mwa karne ya 19, soko lilipolegea, mashine zilisimama, na mshahara ulisimama siku ileile. Aliyetaka msaada aliweza kuomba sadaka iliyotengwa kwa maskini, lakini fundi mwenye mikono mizima aliona aibu kuhesabiwa miongoni mwa waombaji. Kwa hiyo wafanyakazi walitoa senti chache kila mara katika sanduku la sindika yao, yaani chama cha wafanyakazi, ili mwenzao akikosa kazi apate mkate. Wasoshalisti walikuwa na masanduku yao. Wakatoliki nao walikuwa na chama chao cha wafanyakazi wa pamba tangu 1886, miaka mitano kabla ya barua ya Papa Leo XIII, Rerum Novarum. Anayejua likelemba ataelewa upesi, ila kuna tofauti moja: katika likelemba zamu ya kila mtu inajulikana tangu mwanzo, lakini katika sanduku la Gand zamu ililetwa na msiba.

Sanduku kama hilo lina udhaifu ulio wazi. Kiwanda kikifungwa, wanachama wote wanalihitaji siku moja. Mwaka 1901 halmashauri ya mji wa Gand ilianzisha mfuko wa kuyasaidia masanduku hayo. Mwanasheria Louis Varlez alikuwa mtu wake mkuu. Sindika ilipomlipa mwanachama asiye na kazi, mji uliongeza sehemu yake juu ya malipo hayo. Wasio wanachama walifunguliwa njia ya kuweka akiba yao binafsi, lakini ni wachache sana walioifuata. Mtu peke yake hujiwekea akiba kwa shida. Huweka vizuri zaidi anapotazamwa na wenzake. Utaratibu wa Gand ulivuka mipaka: Norway iliufuata mwaka 1906, Denmark mwaka 1907.

Hapa naomba msomaji atue kidogo, maana ndipo lilipo jambo lenyewe. Katika sanduku la wenzako hukuhitaji karatasi nyingi. Aliyeketi mashine ya pili alijua kama umeachishwa au umetoroka, kama unatafuta kazi au unalala. Ushuhuda wake ndio uliokuwa cheti chako.

Baadaye sanduku likawa la taifa zima. Wakati wa utawala wa kivita wa Wajerumani, wawakilishi wa waajiri na wa wafanyakazi wa Ubelgiji walikutana kwa siri wakaandaa mapatano, na tarehe 28 Desemba 1944, Achille Van Acker akiwa waziri, amri yenye nguvu ya sheria ikalazimisha michango ya bima ya jamii, pamoja na ile ya ukosefu wa kazi. Sasa mamilioni walichangia sanduku moja bila kufahamiana. Jirani wa mashine hakuweza tena kuwa shahidi. Mahali pake pakashikwa na karatasi.

Kaka wa kijana wetu alizipitia karatasi hizo moja moja. Mwajiri alimpa fomu iitwayo C4, inayoonyesha muda aliofanya kazi na sababu ya kuachishwa. Mstari huo wa sababu ni mfupi, nao una uzito kuliko yote: aliyeacha kazi mwenyewe bila sababu ya haki, au aliyefukuzwa kwa kosa lake, aweza kunyimwa malipo kwa majuma mengi. Fomu hiyo aliipeleka kwa chombo cha malipo. Historia ya Gand ingali hai hapo, kwa kuwa hadi leo asiye na kazi nchini Ubelgiji huchagua kulipwa kupitia sindika, ya Kikristo, ya kisoshalisti au ya kiliberali, au kupitia ofisi ya serikali iitwayo CAPAC. Chombo hicho hutuma faili kwa ONEM, nayo huhesabu siku. Kwa kanuni za awali, mwenye umri chini ya miaka 36 alipaswa kuonyesha siku 312 za kazi katika miezi 21. Ni mwaka mmoja, ukihesabu siku sita kwa juma. Zaidi ya hayo ilimlazimu kujiandikisha kama mtafuta kazi, na kutunza kadi ya mwezi: siku akipata kibarua, hutia wino mweusi katika kisanduku cha tarehe hiyo kabla ya kuanza. Akisahau, aweza kuhesabiwa mdanganyifu.

Kwa hiyo halipwi kwa kukaa bure. Alichangia alipokuwa na kazi, na sasa analazimika kuthibitisha kila mwezi kwamba hana.

Uthibitisho huo ulikuwa na sura ngumu zaidi zamani. Kwa miaka mingi asiye na kazi alikwenda kwenye ofisi ya mji wake, kwa saa iliyopangwa, kugongewa muhuri kwenye kadi. Saa ilibadilishwa ili asipate nafasi ya kufanya kazi ya siri. Baba wa familia alipanga mstari barabarani, majirani wakipita na kumwona. Mihuri hiyo ilikomeshwa mwishoni mwa 2005 tu. Kwangu mimi mstari ule ulikuwa adhabu bila hukumu, hata kama walioupanga walitaka kulinda fedha za wote. Tena kulikuwa na kanuni iliyowaondolea malipo watu wanaoishi na mwenzi mwenye kipato, ikiwa muda wao bila kazi ulionekana mrefu kupita kiasi. Wengi wao walikuwa wanawake. Sasa ukomo unawahusu wengi zaidi: sheria iliyopitishwa Julai 2025 imeweka, kuanzia Januari 2026, muda wa juu wa miaka miwili.

Papa Yohane Paulo II, katika Laborem Exercens ya 1981, alifundisha kwamba kumsaidia asiye na kazi na jamaa yake ni wajibu unaotokana na kanuni ya kwamba mali ya dunia ni kwa matumizi ya wote. Hakuuweka wajibu huo katika sadaka.

Na kwetu? Tunayo ONEM, tena kwa jina lilelile, Office National de l'Emploi, tangu 2002. Lakini kazi yake ni kuwakutanisha watafuta kazi na waajiri. Hailipi mtu aliyekosa kazi. Bima yetu ya jamii, iliyowekwa kwa amri ya Juni 1961, ina uzee, ajali na magonjwa ya kazi, na malezi ya watoto. Tawi la ukosefu wa kazi halimo. Gécamines ilipowaondoa wafanyakazi zaidi ya elfu kumi kuanzia 2003, kwa fedha za Benki ya Dunia, watu wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi walipokea fedha mara moja, na baada ya hapo hapakuwa na mwezi wa pili.

Hata hivyo sheria yetu ya kazi ya 2002 haimwachi mtu mikono mitupu. Mwenye mkataba usio na kikomo, akiachishwa bila kosa zito, ana haki ya taarifa ya siku 14 za kazi, pamoja na siku 7 kwa kila mwaka kamili wa utumishi, au fedha badala yake. Ana haki ya hesabu yake ya mwisho katika siku mbili za kazi. Na ana haki ya cheti cha kumaliza kazi.

Nilimwuliza kijana kama baba yake alipewa cheti. Hakujua. Jumapili iliyofuata alileta bahasha. Cheti kilikuwamo, na tarehe zake mbili, ya kuanza na ya kumaliza: miaka kumi na mmoja kamili. Hesabu ya mwisho haikutaja taarifa yoyote. Tukaandika nyuma ya bahasha: 14, kisha 7 mara 11, jumla siku 91. Jumatatu baba na mwana walikwenda pamoja kwa mkaguzi wa kazi.